UZI: Mzee ana "piga" sita kwenye barua moja. Kiingereza chake niandike nini?

#1 KaraniWaSaiba

Wadau, hamjambo. Nina kisaiba hapa Kayole, Nairobi. Napiga chapa, naskani, najaza fomu za KRA, na siku za njaa natafsiri barua kwa shilingi mia mbili ukurasa. Jana jioni aliingia mzee mmoja aliyekuwa mtu wa stoo kwenye godauni fulani kule Industrial Area, na karatasi aliyoiandika kwa mkono. Anataka iwe Kiingereza aipeleke ofisi ya leba Alhamisi. Nimeinakili ilivyo. Hana nukta wala mkato:

"msimamizi alinipiga saa tatu usiku akaniambia nisirudi kazini nilimpigia tena hakushika asubuhi nilipofika getini askari akanipiga picha ninazo wakanipiga marufuku kuingia hata kuchukua viatu vyangu ndio hivyo nikapigwa kalamu bila barua na hapo nimepiga kazi miaka sita"

Nikaanza: "The supervisor beat me at nine at night." Nikasonga mbele: "The guard beat me a photo." Hapo nikajicheka, nikafunga kompyuta. Nimetafuta visawe mtandaoni nikaletewa beat, hit, strike, thrash, batter, yote ya watu wanaogombana. Piga ziko sita na sidhani kuna mbili za kutumia neno moja. Mzee anarudi kesho saa nane.

#2 MakangaMstaafu

"Beat me a photo" 😂😂 Karani, usiifute hiyo, itundike ukutani.

Sisi kwenye mathree, yaani matatu, tulikuwa na piga moja tu. Unapiga bodi ya gari mara mbili kwa kiganja, dereva anaondoka. Zingine zote ni porojo.

#3 MwalimuWaZamu

Karani, tatizo lako ni kwamba umetafuta visawe vya "piga". Piga peke yake haina kisawe. Ni kama kumuuliza mtu Kiingereza cha "kwa". Tazama nomino inayofuata, kwa sababu ndiyo inayobeba mzigo. Piga inaisukuma tu.

Chukua piga za kuumiza kwanza. Sisi tunataja silaha pembeni: kupiga kofi, kupiga ngumi, kupiga teke, kupiga kiboko. Mwingereza anaimeza silaha ndani ya kitenzi: slap, punch, kick, cane. Kwa hiyo ukiona "alinipiga kofi" usiandike "beat me a slap" wala "hit me with a slap". Ni "slapped me", basi. Kuna nyingine zinamshinda. Konzi, kwa mfano, lile la walimu wetu wa zamani, kidole kimekunjwa kikakugonga utosini. Kwa Kiingereza lazima uieleze kwa maneno manne matano, na bado haiumi vilevile.

Halafu piga zisizoumiza mtu. Pasi ni "iron", mswaki ni "brush", deki ni "mop", randa ni "plane", magoti ni "kneel", chafya ni "sneeze", miayo ni "yawn", mbizi ni "dive". Hakuna aliyepigwa hapo. Kazi ya piga ni kuigeuza nomino iwe tendo.

Na usidhani Mwingereza hana mchezo huo. Mwambie akueleze kwa nini anasema "take a photo". Anaichukua anaipeleka wapi? "Make a call", anaitengeneza? "Cast a vote", na "cast" ni kutupa! Sisi tunapiga kura, wao wanatupa, na wote tunasimama foleni moja kuanzia alfajiri.

#4 BintiShela

Mwalimu umesema kweli, lakini wengi hujikwaa kwenye kupiga hodi. Kila kamusi ya mfukoni itakupa "knock". Si "knock". Hodi ni sauti. Kwetu mlango waweza kuwa wazi, waweza kuwa pazia tu, nawe umesimama barazani waita "hodi, hodi" hadi uambiwe karibu. Hujagonga chochote. Mara moja nilisoma tafsiri imeandikwa "she knocked on the curtain", nikamhurumia yule mama na pazia lake.

Na wewe karani unayepiga chapa, pale Haile Selassie Avenue pana ofisi ya Mpigachapa wa Serikali, ndiko linakotoka Gazeti Rasmi. Kiingereza chake ni "Government Printer". Lingefuata mtindo wako lingekuwa "Government Beater", na siku za maandamano watu wangeamini.

#5 Bwana_Kileleshwa

Samahanini, lakini huu ndio umaskini wa Kiswahili. Kitenzi kimoja kinafanya kazi za vitenzi hamsini. Kiingereza kina neno kwa kila kitu, ndiyo maana ofisini kinatumika.

#6 MwalimuWaZamu

Bwana Kileleshwa, karibu. Kamata "run".

Mtoto anakimbia, "he runs". Kamasi zinamtiririka, "his nose runs". Shati jipya linachuja rangi, "the colour runs". Jirani anaendesha duka, "she runs a shop". Mheshimiwa anagombea ubunge, "he runs for office". Soksi ya mama imefumuka uzi, "a run" tena. Basi linafanya safari zake, gazeti linachapisha habari, programu inafanya kazi kwenye kompyuta, maji yanafunguliwa bafuni, yote ni "run". Hesabu vitenzi vya Kiswahili nilivyotumia hapo halafu uniambie maskini ni nani.

Katika kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la 1989, neno lililokula nafasi kuliko yote lilikuwa "set". Walipokuja kuandaa toleo la tatu, mhariri mmoja, Peter Gilliver, alikaa na kitenzi "run" kiasi cha miezi tisa. Akatoka na maana 645. Miezi tisa ni mimba nzima.

Kila lugha ina punda wake wa kubebeshwa. Wetu anaitwa piga.

#7 Bwana_Kileleshwa

Nimepiga magoti. 645?

#8 FundiWaStima

Naingilia kidogo. Nilipoandika ripoti ya ajali kazini niliandika "I was electrocuted", maana nilipigwa na stima kwenye mita. Injinia akanipigia akiuliza ni nani anayejaza fomu za marehemu.

Kumbe neno hilo lilizaliwa Marekani miaka ya 1880, wameunganisha umeme na "execute", kuua kwa hukumu. Kiti cha umeme kilitumika mara ya kwanza New York mwaka 1890. Siku hizi kuna kamusi zinazolikubali hata kwa aliyejeruhiwa tu, lakini kwenye ripoti andika "I got an electric shock" ubaki hai.

#9 MakangaMstaafu

Fundi umepigwa mara mbili, stima na Kiingereza.

#10 Mbongo_Ilala

Wakuu, salamu kutoka Dar. Huku kwetu kuna nyingine ya kuchunga. Ukisikia "jamaa amepiga pale ofisini" hakuna aliyeguswa, ila hela ya umma haipo. Upigaji. Kiingereza chake ni "embezzle", au "steal" kama huna muda. Na wapiga debe huku ni wale wa stendi wanaoita abiria. Lakini nikisoma magazeti ya Nairobi naona "gavana ampigia debe mgombea". Mara ya kwanza nilidhani gavana yuko stendi anajaza basi.

#11 BintiShela

@Mbongo_Ilala hapa kumpigia debe mtu ni kumfanyia kampeni, "campaign for" au "drum up support for". Wale wa stendi twawaita makanga. Na timu inapigiwa upatu kushinda, yaani "tipped to win". Upatu ni lile sahani la shaba la ngomani, nasi twapiga vyombo vyote kwa ajili ya watu wengine.

Lakini tumrudie mzee wa karani. Kesho saa nane si mbali.

#12 WakiliBadoMwanafunzi

Nimekuwa nikisoma kimya. Ya "kupigwa kalamu" naomba niichukue mimi, kwa sababu hapo kisawe kibaya kinaweza kumgharimu mzee pesa.

"Sacked" na "fired" ni za magazetini, kocha anapopigwa kalamu Jumatatu baada ya kichapo cha Jumapili. Kwa leba usiziandike. Zinabaki tatu zinazofanana ukiziangalia kwa mbali.

"Dismissed". Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, ina "summary dismissal", kufukuzwa papo hapo kwa kosa kubwa: kulewa kazini, kutoroka kazi, kumtusi mkubwa wako, na mengine ya namna hiyo. Ukiandika "I was summarily dismissed" msomaji wa kwanza atauliza mzee alikosa nini.

"Declared redundant". Hiyo ni kifungu cha 40, kazi imeisha bila kosa la mfanyakazi. Hapo kuna kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Miaka sita ni siku 90. Si pesa ya kutupa. Lakini huwezi kuiandika kama hakuna aliyemwambia nafasi yake imeondolewa.

"Terminated" ndiyo pana kuliko zote, na haisemi nani ana kosa. Andika "My employment was terminated without notice, without a letter and without a hearing". Hiyo inasema kilichotokea, halafu sheria itajipangia yenyewe. Kifungu cha 41 kinataka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu, kwa lugha anayoielewa, na awepo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Simu ya saa tatu usiku haionekani kama hiyo.

Muulize mzee kama alipewa sababu yoyote. Usimchagulie sababu kwa kumchagulia kitenzi.

#13 KaraniWaSaiba

Wakili, Mungu akubariki. Sikujua kumbe nacheza na siku 90 za mtu.

Sasa ile ya kwanza, "alinipiga saa tatu usiku". Kapigwa au kapigiwa? Herufi moja tu, i, na Kiingereza kinahama kutoka "called" hadi "hit".

#14 MwalimuWaZamu

Soma mbele. "Nilimpigia tena hakushika." Hakushika nini? Simu. Na "tena" yake inaonyesha walikuwa wameshaongea. Kwa hiyo ya kwanza ni "called", ya pili "called back". "Rang" ni ya Waingereza zaidi, hapa kwetu hata hakimu anasema "called". Hiyo i aliisahau kwa haraka, si mwandishi wa kwanza.

(Tukiwa hapo, "alinipigia mpira" huulizwa sana kwenye mtihani wa Kiswahili. Aliupiga kunielekea? Kwa niaba yangu? Kwa sababu yangu? "To me", "for me", "because of me". Hiyo i moja imewanyima watoto wengi alama.)

#15 Bwana_Kileleshwa

Kuna Wamarekani wanasema "hit me up", maana yake nipigie. Kwa hiyo hata wao kupiga na kupigia vimegongana.

#16 BintiShela

Ni kweli, ila si ya barua ya leba. "My supervisor hit me up at 9 p.m." Afisa atamwona mzee ni msanii wa Genge.

#17 KaraniWaSaiba

Basi nimekusanya ushauri wenu wote. Tazameni rasimu:

"My supervisor called me at 9 p.m. He told me not to report back to work. I called him back but he did not answer. In the morning when I got to the gate, a guard took photos of me, which I have. They banned me from entering, even to collect my shoes. My employment was terminated without a letter. I have worked there for six years."

Piga ya mwisho, "nimepiga kazi", nimeweka "worked" tu. Nadhani "toiled" ingekuwa maonyesho.

#18 BintiShela

"Worked" ni sawasawa. "Banned" badilisha. Kupiga marufuku kwetu ni neno moja, kwao yategemea nani anamkataza nani. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 hiyo ilikuwa "banned", ni amri kwa nchi nzima. Mzazi na mwanawe ni "forbid". Kibao ukutani ni "prohibited". Askari na mtu mmoja getini ni "barred": "They barred me from entering."

Na hilo "he" umelitoa wapi? Mzee kaandika "alinipiga", "nilimpigia". Kiswahili hakijakwambia kama msimamizi ni mume au mke.

#19 KaraniWaSaiba

Eh. Sikuwaza hata. Nitamuuliza.

#20 MakangaMstaafu

Mimi si msomi, shule niliachia darasa la saba, lakini kitu kimoja hakiniingii akilini. Askari akikupiga picha, picha anazo nani? Si anazo yeye, kwa simu yake? Sasa mzee anasema "picha ninazo". Amezipata wapi? Askari wa geti alimtumia kwa WhatsApp?

Karani ulisema mzee haweki nukta. Jaribu kuiweka nukta kabla ya "picha": "askari akanipiga. Picha ninazo."

#21 MwalimuWaZamu

Subhana! Sote tumepita hapo.

Na mimi ndiye niliyehubiri "tazama nomino inayofuata".

#22 KaraniWaSaiba

Nywele zimenisimama. Na Kiswahili kinakubali zote mbili bila kubadilisha hata herufi. Namba ya simu ya mzee sina, nangoja afike.

#23 MkalimaniWaKorti

Nimeletwa hapa na rafiki. Kazi yangu ni kusimama kando ya shahidi na kumgeuzia maneno, kwa hiyo piga ni chakula changu cha kila siku. Kama Makanga yuko sahihi, msirudi kwa "beat" mbiombio.

"Hit" ni pigo. Linaweza kuwa moja. "Beat" ni mapigo yanayofuatana, mtu anapigwa na kupigwa. Shahidi akisema "alinipiga" nami nikasema "he beat me", wakili wa upande wa pili atauliza mara ngapi, shahidi aseme mara moja, na tayari ameonekana mwongo kwa kosa langu. Kwa hiyo huwa naomba ruhusa ya kumuuliza kwanza: alikupiga kwa nini, wapi, mara ngapi? Na hapo Kiswahili kinakunyoa tena, maana "kwa nini" anaweza kuisikia kama unauliza sababu. Uliza "kwa kitu gani".

"Struck" ni "hit" iliyovaa tai. Inapenda silaha: "struck me with". Lakini usiiache bila mtendwa. "The guards struck" nchini mwetu maana yake askari wamegoma.

"Assaulted" iache. Hilo ni jina la kosa, liko kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 250 na 251, polisi na korti watalitumia wakifika. Kazi ya mzee ni kusema mkono ulifanya nini. Kama kweli aliguswa, kabla ya leba apitie kituo cha polisi apate namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na fomu ya P3, daktari aijaze alama zikiwa bado zinaonekana. Michubuko haingoji tafsiri.

#24 WakiliBadoMwanafunzi

Naongeza muhuri. Na zile picha zisifutwe kwenye simu hata baada ya kuchapwa karatasini.

#25 FundiWaStima

Makanga, kumbe uzoefu wa kupiga bodi ya gari una faida.

#26 MakangaMstaafu

Ukiwa makanga unajifunza kusoma nani ana nauli na nani ana maneno. Hiyo "akanipiga picha ninazo" ilikuwa na maneno, nauli haina.

#27 KaraniWaSaiba

Mzee alikuja saa nane kasoro, akanywa chai, nikamsomea rasimu, sentensi moja ya Kiingereza kisha Kiswahili chake. Tulipofika getini akanishika mkono. "Nani alinipiga picha, kijana?" Akakunja shati. Mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, umevimba na kuwa rangi ya zambarau. Picha alipigwa na bintiye jioni ile nyumbani, ziko kwenye simu ya binti.

Nikamuuliza kama alivyosema Mkalimani. Kwa kitu gani? Rungu. Mara ngapi? Mara mbili, alipoinama kuchukua mkoba wake. Askari walikuwa wawili, aliyepiga ni mmoja, waliomzuia ni wote. Sababu ya kuachishwa hakuna aliyempa hadi leo. Na msimamizi ni mwanamke, kwa hiyo "he" zote zimetoka. BintiShela, asante.

Ya simu mlikuwa sahihi, ni simu.

Barua sasa ina "called", "called back", "struck", "barred", "terminated" na "worked". Piga sita, maneno sita, ukihesabu hiyo "back". Ile sentensi ya getini inasomeka: "One of the guards struck me twice on the left arm with a club. I have photographs." Alipoelewa ile nukta katikati aliniambia nimsomee tena.

Hajaenda leba. Nimefunga saiba saa kumi nikamsindikiza kituoni, namba ya OB anayo, P3 ataipeleka kwa daktari kesho asubuhi. Alhamisi tutaona.

Nimemlipisha ukurasa mmoja. Nukta ni za MakangaMstaafu, akija Kayole chai iko kwangu.